Kunena Pasipo Kujitayarisha

Wasomaji wetu, kila mmoja wetu amepata kuitwa kunena mbele ya watu pasipo kupewa nafasi ya kufikiri: msibani, arusini, au barazani penye shauri la jirani. Mmoja husimama akanena wazi hata mtu wa nyuma akasikia. Mwingine huinamisha uso, akakohoa, akaketi. Twasema kwamba yule wa kwanza amezaliwa na ulimi mwepesi, nasi wengine tumenyimwa. Je, ndivyo? Sisi twadhani sivyo, nasi twaandika kwa kuwa tumeliona kosa hili kwetu wenyewe.

Siku moja hapa Kibirizi kijana mmoja alishitakiwa barazani kuwa ameiba taa ya kuvulia dagaa. Usiku ule tulikuwa tumemwona mahali pengine, mbali na mitumbwi. Mzee wa baraza akauliza, "Yupo mwenye neno?" Watu wakatugeukia, maana mwalimu hudhaniwa kuwa na maneno siku zote. Lakini sisi tulikuwa tukitafuta mwanzo mzuri, tukiogopa kukosea mbele ya wazee, na kabla hatujaupata shauri likakatwa. Kijana akalipa taa ambayo hakuiiba.

Katika majuto yetu tukakumbuka habari ya Ujiji, mahali pasipo mbali na kwetu. Mwaka 1871 Bwana Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani, alifika huko akimtafuta Daktari David Livingstone. Livingstone aliandika kwamba mtumishi wake Susi, mtu wa Shupanga karibu na mto Zambezi, alimjia mbio, pumzi zikimkata, akamwambia kwamba Mwingereza amekuja, naye amemwona. Kisha akatoka mbio tena kwenda kumlaki mgeni. Maneno yake yalikuwa machache mno, lakini hapana lililopungua.

Stanley naye, ambaye kazi yake ilikuwa maneno, alipomwona yule mzee amesimama kati ya watu, alitamani kumkimbilia na kumkumbatia. Aliandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1872 kwamba aliuogopa umati ule, wala hakujua atapokewaje. Basi kwa woga na kiburi kisicho na maana akatembea polepole, akavua kofia, akauliza kwa adabu ya kibaridi kama huyo ndiye Daktari Livingstone. Swali hilo watu wamelicheka miaka mingi. Wako wataalamu wasemao kwamba labda hakulinena siku ile, bali alilitunga baadaye. Lakini woga ule alioungama twaujua sote.

Tofauti yao ni nini? Susi aliifikiria habari aliyo nayo na mtu aliyehitaji kuisikia. Stanley alijifikiria mwenyewe, jinsi atakavyoonekana. Hata sisi barazani hatukukosa la kusema; tulishindwa kujisahau. Nao Susi na mwenzake Chuma walifika Uingereza mwaka 1874, wakamsimulia Bwana Horace Waller safari za mwisho za Livingstone na kifo chake, naye akazitia habari zao kitabuni. Waliweza kwa sababu walikuwa wameona, na waliyoyaona waliyashika.

Huenda mtu akatujibu kwa methali, "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Ni kweli. Mropokaji naye hunena pasipo kujitayarisha, na maneno yake huponza watu. Lakini hatusemi kwamba tunene tusiyoyajua. Tuwatazame wavuvi wetu wa dagaa. Huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa hukaa ufukoni wakatengeneza nyavu zao. Dagaa wakisha kusanyika chini ya taa, hapana nafasi tena ya kutafuta uzi. Ajuaye kunena kwa ghafula ndivyo alivyo: watu humwona akivua, hawakumwona akishona.

Basi yatupasa kutengeneza nyavu mapema. Tuangalie vema yale tuyaonayo. Tupambanue tuliloliona wenyewe na tulilosikia kwa wengine. Tuzoee kusema kweli nyumbani katika mambo madogo, maana anayedanganya kila siku hatapata kweli iliyo tayari siku ya kuitwa. Na siku ile ikija, tuanze na neno lililo kuu, kwa maneno ya kila siku, pale tusipojua tukiri kwamba hatujui, kisha tuketi.

Nasi baadaye tuliwaendea wazee wa baraza tukasema tuliyoyaona. Walitusikiliza, wakaamuru kijana arudishiwe fedha yake. Ndipo mmoja wao akauliza, "Mwalimu, mbona siku ile ulinyamaza?" Tukajibu kwa neno moja: "Niliogopa." Neno hilo hatukulitayarisha, na wote wakalifahamu.