Mgomba na Mwega Wake

Wahenga walisema: mgomba haushindwi na mkunguwe. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliiamini bila kuichunguza. Nyumbani kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilitajwa kila yalipozungumzwa mambo ya dada yetu mkubwa. Baba alifariki mwaka 1984, akaacha watoto sita. Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa mshahara wake na kahawa kidogo ya kihamba, alitulipia ada sisi wadogo zake watano. Akitokea jirani akasema kwamba mzigo huo ni mzito kwa mtu mmoja, baba mdogo alimjibu kwa methali hiyo. Watu walicheka, na dada naye alicheka.

Lakini katika kihamba hicho hicho, mama alikuwa akikata miega. Kila masika yalipokaribia alichukua panga, akatafuta matawi ya mgrivea yenye panda, akaenda kuegemeza migomba iliyobeba. Sikuwahi kujiuliza: ikiwa mgomba haushindwi na mkungu wake, miega ni ya nini?

Hebu tuutazame mgomba wenyewe. Tunauita mti, lakini si mti. Lile tunaloliona kama shina ni magome ya majani yaliyofungamana, na ndani yake kuna maji mengi kuliko kitu kingine chochote. Shina lake la kweli ni tunguu lililo ardhini, na mizizi yake mingi haiendi mbali chini. Katika umbo laini namna hiyo hupita kikonyo, kikatokea juu, kikapinda upande mmoja na kuning'iniza mkungu ambao kwa aina nyingine hufika kilo 30 au 40. Uzito wote huo uko juu, tena upande mmoja. Ikija mvua ikalainisha udongo, kisha upepo ukavuma usiku, asubuhi utaukuta mgomba chini, ndizi zikiwa bado changa.

Mama alikuwa na kanuni zake. Alisema, "Mwanangu, usingoje uiname." Mgomba ukishavunjika, mwega hauna kazi tena. Panda ya mti aliiweka shingoni, pale kikonyo kinapopinda, wala hakuigusisha kwenye vichane, maana mti unaosugua ndizi huziharibu. Mahali pa kugusana alitia majani makavu. Mgomba mwingine aliufunga kwa kamba kwenye jirani yake unaoelekea upande wa pili, kila mmoja ukamzuia mwenzake.

Je, basi wahenga walidanganya? Nimelifikiri sana jambo hili, na naona kwamba methali ni ya kweli kwa upande mmoja. Mgomba hauutupi mkungu wake. Hata ukianguka, huanguka nao. Kwa nia, haushindwi. Kwa nguvu, hushindwa kama kiumbe chochote. Sisi tulichanganya mambo hayo mawili. Tulipoona kwamba dada hakatai, tulidhani kwamba anaweza.

Masika ya mwaka 1993 alianguka darasani, chaki mkononi. Ulikuwa ni ugonjwa wa shinikizo la damu, nao ukamwachia mkono wa kushoto usio na nguvu. Hakufundisha tena. Tulipofungua sanduku lake kutafuta nguo za kupeleka hospitali, tulikuta daftari la madeni. Deni la mwisho lilikuwa la ada yangu ya kidato cha sita. Na kuinama kwake tulikuwa tumekuona: viatu vilivyoshonwa mara tatu, chai ya mkandaa mchana kutwa, maumivu ya kichwa ambayo kwake hayakuwa kitu. Tulisema ndivyo alivyo.

Wapo wasemao kwamba ukimwegemeza mtu unamlemaza. Neno hilo lina ukweli kidogo. Mgomba ambao tunguu lake limeliwa na fukusi hautapona kwa mwega. Yafaa kwanza kutazama mizizi. Pia mkulima mwema hupunguza machipukizi, akaacha mama, mtoto na mjukuu, maana yakizidi humnyonya mama. Hata sisi, wawili wetu tulikuwa tumekwisha kuwa na kazi mjini, nasi tungaliweza kuondoka begani kwake mapema. Lakini hoja hiyo haigusi mgomba wenye afya uliobeba mkungu mkubwa. Huo hauegemezwi kwa sababu ni dhaifu. Unaegemezwa kwa sababu umebeba. Mgomba usiobeba kitu hauhitaji mwega, wala hakuna anayeusifu kwa kusimama peke yake.

Liko swali lililo gumu zaidi, nalo ndilo linalonisumbua hadi leo. Mkulima huuegemeza mgomba kwa ajili ya ndizi. Siku ya kuvuna huukata mkungu, akaukata na mgomba, kwa kuwa hautazaa tena, kisha mwega akauhamishia kwingine. Kwa mgomba hakuna dhuluma hapo. Je, kwa mtu? Mwaka wa kwanza wa ugonjwa nyumba ya dada ilijaa wageni. Mwaka wa tatu tulikuwa tukipeana zamu ya kwenda kumwona, na zamu yangu niliikosa mara mbili. Nilituma fedha, nikaona nimemaliza. Nilipojipima kwa haki niliona kwamba niliyekuwa nikimheshimu ni mwalimu aliyelipa ada. Huyu aliyekaa barazani bila mshahara nilikuwa sijamheshimu bado.

Ndipo nilipoanza kurudi, si kwa kulipa deni, kwa maana deni lile halilipiki, bali kukaa naye. Sasa amezeeka. Safari iliyopita alinituma nikakate mti wenye panda, kwa kuwa mgomba ulio nyuma ya jiko ulikuwa umeanza kuegama. Nilipouinua, aliushika chini kwa mkono wake mzima, akaniambia niusogeze kidogo, usiguse ndizi.

Msomaji wangu, katika kila ukoo yupo mmoja ambaye wote husema juu yake, "Huyo anaweza." Usimwulize kama amechoka, atakuambia hapana. Mtazame mwenyewe, kabla ya masika. Na siku atakapokuwa hana tena cha kukupa, usiuondoe mwega.