Hesabu ya Gari-Nyumba Kuukuu

Tangu theluji iyeyuke, mazungumzo makubwa nyumbani kwetu Des Moines, katika jimbo la Iowa, yamekuwa juu ya gari-nyumba moja kuukuu linalouzwa na mzee mstaafu nje kidogo ya mji. Limetengenezwa mwaka 2001 juu ya chasisi ya Ford E-450. Lina kitanda juu ya kichwa cha dereva, kingine nyuma kabisa, na meza ya kulia ambayo ikishushwa inageuka kitanda cha tatu. Lina jiko la gesi, friji, choo, na bafu jembamba la kumtosha mtu mmoja aliyesimama wima. Urefu wake unakaribia mita tisa. Mwenyewe anataka dola 14,000.

Msomaji aliyeko Tanga au Mombasa atashangaa fedha zote hizo kwa gari la zaidi ya miaka 20. Huku magari-nyumba mapya ya ukubwa huo huvuka dola 100,000, kwa hiyo familia kama yetu, baba yuko ghalani na mama anahudumia wazee kwa zamu, haina mlango mwingine wa kuingilia isipokuwa kuukuu. Na hamu tunayo kweli. Watoto wetu wamezaliwa katika nchi hii pana lakini wanachokijua ni njia ya shule, ya kanisani na ya dukani. Wanauliza habari za Badlands na vilima vya Black Hills kule South Dakota, walivyoviona kwenye vitabu vya shule. Ni jimbo jirani.

Iowa yenyewe inamfanya mtu aliwaze jambo hili. Mwendo wa saa mbili kaskazini mwa Des Moines upo mji mdogo wa Forest City. Mwaka 1958 uchumi wake wa kilimo ulikuwa unayumba na vijana wanahama. Wafanyabiashara wa pale, wakiongozwa na John K. Hanson, mtu wa duka la samani na shughuli za mazishi, wakafanikiwa kuleta kiwanda cha matrela ya kulala. Kiwanda hicho ndicho kilichokuja kuwa Winnebago, na mwaka 1966 kikaanza kutoa magari-nyumba. Gari tunalolitazama sisi si la kiwanda hicho, lakini ukikaa katika jimbo hili huwezi kuyakwepa magari ya namna hii. Yako nyuma ya maghala ya mahindi, uani kwa watu, yamefunikwa turubai, mengi yakiwa hayajasogea kwa miaka. Hilo la kutosogea nitalirudia, maana ndilo linalonikosesha usingizi.

Kwanza nieleze tulivyolikagua, kwa sababu wapo ndugu zetu wengi huku wenye hamu kama hii.

Mnunuzi mgeni hukimbilia injini. Injini ya hili, ya silinda kumi na lita 6.8, imefungwa kwenye magari mengi ya kazi ya Ford, na fundi wa kuishughulikia hakosekani. Adui wa gari-nyumba kuukuu ni maji ya mvua. Kuta zake hazikujengwa kama bodi ya basi. Nje kuna ngozi nyembamba ya faibaglasi, nyuma yake ubao mwembamba, kisha sponji ngumu ya kuzuia baridi, na mbao za kushikilia, vyote vikiwa vimegandishwa kwa gundi. Paa mara nyingi ni mpira uliotandazwa, na kila penye kona, dirisha au tundu la hewa pamezibwa kwa utomvu wa viwandani ambao jua na baridi huupasua. Usipokaguliwa kila mwaka na kuzibwa upya, maji hupenya polepole, ubao unaoza ndani kwa ndani, na kwa nje gari linabaki linang'aa. Siku ngozi ya nje inapoanza kuvimba, uharibifu umekwisha kuenea.

Kwa hiyo niliomba kwenda kuliona baada ya mvua kubwa. Nilivua viatu nikatembea sakafu yote, kona kwa kona, kwani unyayo husikia ulaini ambao jicho haliuoni. Sakafu ilikuwa ngumu, nikafurahi. Nikafungua makabati ya juu yote, nikanusa. Nikapanda kwenye kitanda cha juu ya dereva, nikaubonyeza ubao wa pembeni kwa kiganja. Upande wa kulia, chini ya dirisha dogo, kiganja kiliingia kama nimebonyeza mkate uliolowa chai.

Mengine nitayapitia upesi. Matairi yalikuwa na kashata nzima, ila tairi la gari linalosimama sana huzeeka kabla ya kuisha. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo halifai kubebea watoto hata likiwa na kashata mpya. Friji ya gesi ni ghali kuibadilisha. Jenereta iliyolala bila kuwashwa huganda mafuta kwenye kabureta. Kabla ya majira ya baridi, ambapo Iowa huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, lazima mabomba yamwagwe maji yote na kutiwa kimiminika kisichoganda, la sivyo yanapasuka. Matanki ya maji machafu ni mawili, la choo na la sinki, na mtu wa kuyamwaga kwenye kituo chake ni wewe mwenyewe. Kwa haya yote sioni haya wala kero. Aliyekulia nyumba ya kuchota maji kisimani hashtushwi na tanki.

Mafuta yalinifikirisha zaidi. Gari la uzito ule huenda maili nane hivi kwa galoni, yaani kilomita tatu na kitu kwa lita. Kutoka hapa hadi Rapid City, mlangoni mwa Black Hills, ni kilomita 1,000 hivi. Kwenda na kurudi ni galoni 155, na kwa bei ya dola tatu kwa galoni unavuka dola 460 kabla hujalipa kiwanja cha kulala, bima, wala ada ya kuliegesha mwaka mzima kama uani kwako hakuna nafasi. Kwa fedha hiyo familia inaweza kwenda kwa gari dogo na kulala hoteli za kawaida. Asikudanganye mtu kwamba gari-nyumba ni njia ya kubana matumizi. Unalinunua kwa sababu nyingine, au huna sababu.

Sababu yetu ilipingwa kwa uzito kutoka pande mbili.

Mama yangu, kwa simu kutoka Muheza, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, nyumba yenu huku imefika kwenye lenta haijapauliwa, nawe wanunua nyumba isiyo na kiwanja?" Sikumjibu haraka. Nyumba ile ya Muheza ninaiheshimu. Ni mahali pa kukusanyikia siku ya harusi na siku ya msiba, na mama ana haki ya kuona bati juu yake kabla macho yake hayajachoka. Lakini swali lake lilinifungulia jingine ambalo sisi wa ughaibuni hatuulizani. Tunajenga nyumba za vyumba vinne nyumbani, na hakuna anayetuuliza tutalala humo usiku ngapi. Wengi wetu tunakwenda mara moja kwa miaka kadhaa, tunakaa wiki chache, tunafunga milango na kumwachia mlinzi. Jamii nzima inaiita hiyo busara. Mtu huyohuyo akitaka nyumba ndogo ya magurudumu alale na watoto wake sasa, wangali wadogo, wangali wanataka kulala karibu na baba yao, anaambiwa ameingiwa na anasa za kizungu.

Mimi naona nyumba zote mbili zipimwe kwa kipimo kimoja, nacho ni usiku ambao wenyewe wanalala ndani pamoja. Kwa kipimo hicho, nyumba ya Muheza akiishi mama ndani yake inafuzu sana. Gari-nyumba lililofunikwa turubai nyuma ya ghala la mahindi linaanguka, hata kama lilinunuliwa kwa bei ya kutupa.

Upande wa pili alikuwa mzee mmoja wa Uvira tunayesali naye. Des Moines ina Wakongo na Warundi wengi, Kiswahili unakisikia shuleni na kwenye vituo vya mabasi. Mzee huyu alikimbia vita Kivu ya Kusini, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea watu wa kwao. Nilipomweleza kwamba Wamarekani hulipa fedha ili wakalale msituni na watoto, alitikisa kichwa. "Baba, mimi nililala chini ya turubai miaka na miaka. Watoto yangu ndiyo kule walizaliwa. Sasa mtu akalale inje kwa kupenda?" Hakuwa anakejeli. Alikuwa anaumia. Baada ya kimya kirefu akauliza: "Lakini hiyo gari, iko na mlango ya kufunga?" Nikamwambia upo, na funguo ni mbili. Akasema basi hiyo ni habari ingine.

Jibu lake limenikaa moyoni. Ipo tofauti kubwa kati ya kulala nje kwa kukosa na kulala nje huku una ufunguo, una pa kurudi, na tarehe ya kurudi umeichagua mwenyewe. Hata Wamarekani wenyewe hawako wote upande mmoja wa tofauti hiyo. Mwandishi Jessica Bruder alitoa mwaka 2017 kitabu chake Nomadland, kuhusu wazee walioshindwa kumudu nyumba, wengine baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, wakahamia kwenye magari na kuzunguka nchi wakitafuta vibarua vya msimu. Filamu ya Chloé Zhao iliyotokana nacho ilishinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Tukikuta gari-nyumba limeegeshwa pembeni mwa maegesho ya duka, mapazia yamefungwa, watoto wangu nimewafundisha wapite kwa adabu kama wanavyopita mbele ya mlango wa mtu, maana huenda humo ndimo mtu anamoishi.

Sasa nirudi kwa magari yasiyosogea. Nilimuuliza yule mzee mstaafu kwa nini anauza. Akasema alilinunua akiwa kazini ili azunguke na mkewe. Kazi haikuwapa nafasi, na walipostaafu mke akaugua. Alilisema hilo taratibu akiwa ameshika mpini wa mlango. Toka hapo nikajua kwamba tunachopungukiwa sisi si dola 14,000.

Marekani haina sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa likizo ya malipo. Ni hiari yake au mapatano ya kazi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya malipo kwa mwaka. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku za kazi zisizopungua 21. Kwa hiyo mdogo wangu aliyeajiriwa kwenye kampuni Tanga mjini ana utajiri ambao mimi niliyevuka bahari sina. Mimi likizo yangu hujikusanya saa kwa saa, na ya mke wangu hivyohivyo, kwa mwajiri mwingine, kwa ratiba nyingine. Mmoja anaingia kazini mwingine akitoka. Wengi wetu hizo saa chache nazo tunaziuza kwa mwajiri pale anaporuhusu, ili tupate ya kutuma nyumbani. Mke wangu ndiye aliyeliweka wazi jioni moja: "Baba watoto, hili gari tutalilala lini, na nani atakuwa zamu?"

Swali hilo ndilo lililoamua. Tulimweleza mzee wa watu habari za ule ubao laini, na yeye kwa uungwana akashusha bei hadi dola 10,000. Bado tumekataa. Kuurekebisha ukuta ule ni kuuvua uso mzima wa mbele, kazi ya majira yote ya joto kwa mtu mwenye nafasi, nasi nafasi ndiyo tunayoitafuta. Badala yake tumeandika maombi ya likizo, mimi na mke wangu, kwa wiki moja ileile ya Agosti, na yote mawili yamekubaliwa. Tutakodi gari-nyumba kwa wiki hiyo, tuende Badlands na watoto. Sehemu ya fedha tuliyokuwa tumetenga imekwenda kununua bati za Muheza, zipande kabla ya mvua za vuli. Wiki ya Agosti ikituonyesha kwamba tunaweza kuishi vizuri katika nafasi ndogo, na waajiri wetu wakiturudishia wiki kama hiyo mwakani, tutatafuta dogo zaidi, lenye kuta kavu, tununue bila woga.

Ndugu yangu uliye ughaibuni mwenye hamu kama yetu, kaa na mwenzako leo, muweke ratiba za zamu zenu mezani, muombe likizo ya tarehe moja. Magari kuukuu yapo mengi, na mwakani yatakuwepo mengine.