Figo ya Ndugu na Jembe la Shamba



Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Tangu hapo mtu wa Kibaha au Kisarawe aweza kupewa figo na nduguye hapa hapa nchini, asilazimike kwenda India, na akarudi nyumbani kwake. Akisharudi ndipo swali letu linapoanza.

Mwili huiona figo ile kuwa ni mgeni, nao hutaka kuifukuza. Kwa hiyo mgonjwa hunywa dawa za kupunguza kinga yake siku zote ambazo figo hiyo inafanya kazi. Kinga ikilegea, vijidudu ambavyo sisi wengine twapishana navyo kila siku bila kudhurika hupata njia. Kimoja huitwa nokadia, na makao yake ni udongo na vumbi. Huingia kwa pumzi au kwa kidonda, na kutoka mapafuni chaweza kufika kwenye ubongo kikafanya jipu. Kingine, listeria, huweza kuwamo katika maziwa mabichi, nacho huleta homa ya uti wa mgongo. Magonjwa haya ni adimu, hata kwa waliopandikizwa. Lakini jipu la nokadia hutibiwa kwa miezi mingi, na mapafuni ugonjwa wake hufanana na kifua kikuu, hata daktari mzuri aweza kudhani ni hicho.

Basi, je, ni haki kumnyang'anya mkulima jembe kwa ajili ya jambo adimu? Wako wasemao ndiyo: figo ni amana ya nduguye, asiichezee. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana nduguye amebaki na figo moja. Hata hivyo twaona inapita kiasi. Alipewa figo ili aishi, si ili aketi jamvini akiilinda kama mlinzi wa ghala. Aliyelima mihogo Kisarawe maisha yake yote, ukimkataza shamba umemwachia nini? Viatu, glavu na barakoa wakati wa vumbi hupunguza hatari; kiasi cha kazi amwulize daktari wake, si majirani.

Nasi majirani tuna yetu. Akikataa maziwa mabichi twasema anaringa. Akijifunika uso twacheka. Kumbe kuyachemsha maziwa ni kuni kidogo tu! Na akiumwa kichwa siku ya pili, au akapata homa, au ulimi ukawa mzito, tusimpe panadoli na kumwambia alale. Apelekwe Hospitali ya Tumbi, au ya wilaya kule Kisarawe, usiku uleule, na anayempeleka aseme tangu mlangoni kwamba huyu ana figo ya kupandikizwa.