Mfunge Ngamia Wako: Neno kwa Anayetaka Kuacha Sigara

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Amma ba'ad.

Ndugu zangu wanafunzi, wa kiume na wa kike, kila baada ya darsa ya Maghrib hubaki watu wawili watatu nyuma ya safu wakiwa na maswali wasiyopenda kuyauliza mbele za wenzao. Muhula huu swali moja nimelisikia kuliko mengine yote, kutoka kwa vijana tofauti na karibu kwa maneno yale yale: nimetubia sigara mara nne, mara tano, na kila mara narudi, je, toba yangu ni ya uongo? Mmoja wao aliongeza kwamba ameanza kuswali peke yake chumbani hosteli kwa sababu akisimama katika safu anajiona mnafiki.

Swali hili linastahili jibu la wazi. Sigara huharibu mapafu, na hilo ni kubwa. Lakini kijana anayeacha jamaa kwa aibu anapoteza jambo kubwa zaidi ya mapafu. Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si mufti wala daktari, na nitasema yale tuliyosomeshwa na walimu wetu pamoja na yale ambayo matabibu wamekwisha kuyathibitisha.

Tuanze na hukumu, maana bado wapo wanaosema sigara ni makuruhu tu na masheikh wamehitilafiana. Ni kweli walihitilafiana. Tumbaku ilitoka Amerika na kufika katika nchi za Waislamu karibu na mwaka 1000 Hijria. Haikuwapo zama za Mtume (s.a.w.) wala zama za maimamu wanne, kwa hiyo wanavyuoni walilazimika kufanya ijtihadi. Huko Misri, Sheikh Ibrahim al-Laqani aliandika kuiharamisha, na Sheikh Ali al-Ajhuri, wa madhehebu hayo hayo ya Maliki, akaandika kuihalalisha. Huko Damascus, Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi naye aliitetea. Lakini tazama walichokuwa nacho mikononi. Hawakuwa na kipimo cha damu wala picha ya mapafu. Walioihalalisha walisema kwamba madhara yake hayajathibiti.

Leo yamethibiti. Mwaka 1950 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walichapisha matokeo yaliyofungamanisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 Mganga Mkuu wa Marekani alitoa ripoti yake juu ya jambo hilo hilo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na ndani yao wamo zaidi ya milioni moja ambao hawakuvuta, walivuta moshi wa wenzao tu. Katika usuli tunasomeshwa kwamba hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Madhara yakishajulikana, zinatuelekea aya ya 195 ya Suratul-Baqara, inayotukataza kujitia wenyewe katika maangamizi, na aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, inayotukataza kujiua. Ndiyo maana wanavyuoni wengi wa zama hizi wameiharamisha. Basi anayejificha nyuma ya Sheikh al-Ajhuri anajificha nyuma ya mtu ambaye hakupata kuona tunachokiona sisi.

Sasa turudi kwa ndugu yetu aliyetubu mara tano. Yeye hana haja ya kuambiwa kwamba sigara ni haramu. Analijua hilo, na ndilo linalomliza. Asilolijua ni kile anachopigana nacho.

Ndani ya tumbaku mna nikotini. Mtu akivuta, nikotini hupita kwenye mapafu, ikaingia katika damu na kufika ubongoni kwa sekunde zisizozidi 20. Huko huufanya ubongo umwage dopamini, kemikali inayompa mtu hisia ya raha na kumwambia "rudia tena". Akiendelea kuvuta, ubongo unajizoesha: unaongeza vipokezi vya nikotini, na sasa unaidai ili ujisikie sawa tu. Raha ya mwanzo imekwisha, na anachovuta ni kuondoa dhiki. Na kwa kuwa kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, dhiki hiyo hurudi siku nzima. Akiacha ghafla inamjia ile hali ambayo vijana wa Pwani huiita arosto: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kizito, kushindwa kusoma hata ukurasa mmoja. Hali hiyo hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki mbili hadi nne.

Zingatia hesabu hiyo. Kijana anatubu usiku wa Ijumaa baada ya mawaidha, akiwa na machozi ya kweli. Jumapili au Jumatatu arosto inafika kileleni, naye yuko pale pale, na wenzake wale wale, na kiberiti kile kile mfukoni. Anarudi. Halafu anajisemea kwamba hana imani. Ukweli ni kwamba aliingia vitani bila kujua siku ambayo adui atashambulia.

Kuhusu toba yake, wanavyuoni wametaja masharti matatu ya toba baina ya mja na Mola wake: kuliacha dhambi, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Mwenye kuyatimiza toba yake ni sahihi, na kauli ya wengi wa Ahlus-Sunna ni kwamba akiteleza baadaye, toba ile ya kwanza haibatiliki. Inampasa atubie kosa jipya. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mja aliyekosa akaomba msamaha, akarudia akaomba, akarudia tena akaomba, na kila mara Mola wake akamsamehe kwa kuwa alijua kwamba anaye Mola anayesamehe. Kwa hiyo, ndugu yangu, jibu la swali lako ni hili: toba yako haikuwa ya uongo. Ilikosa maandalizi.

Imepokewa na Tirmidhi kwamba mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, kama amwache na kutawakali au amfunge na kutawakali. Akaelekezwa amfunge, kisha atawakali. Wengi wetu tunatawakali juu ya sigara huku ngamia yuko huru. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, wanaofaulu ni kama 4 kati ya 100. Kufunga ngamia ni kutafuta msaada huo, na nitataja njia tano.

Kwanza, panga siku. Pombe iliharamishwa hatua kwa hatua: aya ya 219 ya Suratul-Baqara, kisha aya ya 43 ya Suratun-Nisaa iliyokataza kuikaribia swala katika hali ya ulevi, kisha aya ya 90 ya Suratul-Maida. Nyoyo zilitayarishwa. Lakini hatua ya mwisho ilipofika, watu wa Madina waliimwaga siku ile ile hadi ikatiririka njiani. Usiseme "napunguza" mwaka mzima. Chagua siku ndani ya wiki mbili zijazo, mwambie mtu mmoja unayemwamini, na siku hiyo itupe pakiti pamoja na kiberiti. Usiiweke wiki ya mtihani.

Pili, hama kijiwe. Yule muuaji wa watu 99, aliyemaliza mia, hakuambiwa atubu tu. Mwanachuoni alimwambia aihame nchi yake na aende kwa watu wema. Wewe huna haja ya kuihama Kampala. Hama ukuta ule nyuma ya hosteli, hama kibanda kile kinachouza sigara moja moja, na kwa mwezi mmoja badilisha hata njia ya kutokea darasani.

Tatu, jua kwamba kiu ya sigara ikipanda haidumu. Kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache, uvute usivute. Zijaze dakika hizo. Kunywa maji. Tawadha uswali rakaa mbili kama si wakati uliokatazwa. Tumia mswaki, maana mkono na mdomo navyo vimezoea kuwa na kitu, na hii ni sunna inayokaa mahali pa ile maradhi. Nina jirani hosteli aliyeacha muhula uliopita, naye kaniruhusu niliseme hili: siku ya tatu alitembea kwa miguu kutoka Wandegeya hadi Msikiti wa Old Kampala na kurudi, kwa sababu kila aliposimama mkono ulitafuta mfuko.

Nne, usione haya kutafuta dawa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Vipo vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi na chingamu ya nikotini, ambavyo humpa mtu kiasi kidogo bila moshi huku akipunguza taratibu. Shirika la Afya Duniani limeviweka katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Muulize daktari au mfamasia kabla ya kutumia. Na ambaye uraibu wake umechanganyika na mairungi, bangi au pombe, hospitali ya taifa ya Butabika hapa Kampala ina kitengo cha kutibu uraibu. Kwenda huko si fedheha. Nimeulizwa pia kuhusu saumu: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilihesabu vibandiko vya dawa kwenye ngozi miongoni mwa vitu visivyofunguza. Chingamu inayotoa nikotini mdomoni ni jambo jingine. Hiyo ingoje magharibi.

Tano, usihamie shisha wala sigara ya umeme ukadhani umetoka. Nikotini ni ile ile. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya Uganda, ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, imevipiga marufuku vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inakataza kumuuzia sigara mtu asiyefika miaka 21, yaani wengi wa wenzetu wa mwaka wa kwanza, na inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Kama serikali imeona haja ya kutulinda, sisi tunaosoma kwamba mwili ni amana tuna udhuru gani?

Tena yupo shahidi ambaye kila mvutaji Mwislamu anamjua, naye ni Ramadhani. Hapa karibu na ikweta tunafunga zaidi ya saa 13 kila siku, mwaka hadi mwaka. Madaktari wanasema kwamba saa 12 baada ya sigara ya mwisho, ile sumu ya kaboni monoksaidi katika damu hurudi kiwango cha kawaida. Maana yake ni kwamba kila adhana ya Maghrib katika Ramadhani inamkuta mvutaji aliyeacha tangu daku damu yake ikiwa imekwisha kusafika, kisha baada ya tende na maji anaichafua tena. Mara 29 au 30 kwa mwezi mmoja amethibitisha kwamba anaweza nusu ya kwanza. Iliyobaki ni saa chache baina ya futari na usingizi. Ukizijaza hizo kwa tarawehe na kwa watu wema, siku tatu ngumu zinapita ndani ya mwezi ambao hata wenzako watakuelewa. Na ukidumu mwaka mmoja, hatari ya maradhi ya moyo inayoletwa na sigara inashuka kwa nusu.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tusiovuta. Imepokewa na Bukhari kwamba palikuwa na mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani, na Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Aliadhibiwa kwa kosa lake, na heshima yake ya imani haikuvuliwa. Basi ndugu yetu akija msikitini, tusimkunjie uso wala kusogea mbali naye kwenye safu. Ni kweli tumeelekezwa kwamba aliyekula kitunguu saumu asiwaudhi wenzake kwa harufu, kwa hiyo naye asukutue na abadilishe nguo. Lakini kumpigia mswaki mpya, kumwita mkale rolex jioni badala ya kumwacha aende kijiweni, kumpigia simu siku ya tatu kumuuliza umelalaje, hayo yako juu yetu. Mwenye kuswali chumbani kwa aibu tumfuate chumbani tumrudishe katika safu.

Ee Allah, wape nguvu ndugu zetu wanaopigana na nafsi zao, wasahilishie siku za mwanzo, wabadilishie marafiki wabaya kwa walio wema, na utujaalie sisi tuwe msaada kwao. Utughufirie sisi, wazazi wetu, walimu wetu na Waislamu wote. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.