MALAIKA, MATAMANIO, NA MWENYE KUHUKUMU

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kisa cha Haruti na Maruti ni mashuhuri. Husimuliwa kwamba malaika waliwalaumu wanadamu kwa maasi yao. Wawili wakatiwa matamanio, wakateremshwa Babeli wawe mahakimu. Hawakukaa sana, wakafitinika kwa mwanamke, wakanywa ulevi, wakaua nafsi. Wakahiarishwa baina ya adhabu ya dunia na ya akhera, wakachagua ya dunia.

Qurani yawataja katika Suratul Baqara, aya ya 102, kwamba hawakumfundisha mtu uchawi ila baada ya kumwonya. Ulevi na zinaa haikutaja. Imamu Fakhruddin Razi, aliyefariki mwaka 606 wa Hijra, alikikataa kisa hicho, kwani malaika hawamuasi Mola wao. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774, aliona marejeo yake ni habari za Bani Israili. Na wote wawili ni Mashafii. Basi mwenye kuasi asijitetee akasema, "Hata malaika walianguka."

Lakini swali la kisa labaki: asiyeonja tamaa aweza kumpima mwenye kuonja?

Mfano wake upo Rufiji. Ramadhani ikiangukia wakati wa mavuno, mtu wa Kibiti huketi kivulini, akasikia kwamba mvunaji wa mpunga huko deltani amefungua mchana. Mara ulimi wake humtoa katika dini. Na mwenziwe yu katika tope na jua, mpunga umewiva, na ndege hawamngoji. Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Lau angaliuliza kwanza, fikihi ingalimjibu. Imamu Adhrai, katika maulamaa wa Kishafii, alisema kwamba wavunaji ni wajibu wao kutia nia usiku. Kisha atakayepatwa na mashaka makubwa atafungua, na asiyepatwa hana ruhusa. Na aliyefungua atalipa.

Tazama uadilifu huo, ewe msomaji. Haukumwachia mvunaji kabla ya kujaribiwa, wala haukumpima kwa nguvu za aketiye kivulini.

Malaika hutii wala hana matamanio. Mwanadamu hutii huku nafsi yake ikimvuta, na katika mvutano huo umo ujira wake. Basi asiyejaribiwa na amshukuru Mola wake, wala asijione malaika. Na aliyejaribiwa asikate tamaa, kwani mlango wa toba u wazi.

Wallahu aalam.