Wazo la Leo: Nani Kakukataza?

Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, wengi waliona neema ya watoto. Mzee Kimani Maruge wa Eldoret aliona neema yake pia. Januari 2004, akiwa na miaka 84, alivaa sare akaingia darasa la kwanza, apate kujisomea Biblia mwenyewe.

Ni kweli, umri una mpaka: rekodi iliyothibitishwa ya kuishi muda mrefu zaidi ni miaka 122, ya Jeanne Calment wa Ufaransa. Mpaka huo hatuusogezi kwa kutamani. Lakini mipaka mingine tumejiwekea wenyewe, na ubunifu huanza pale unapoihoji. Leo, chagua jambo moja unalosema si la rika lako, kisha ujiulize: nani hasa kakukataza?