Kifo Katika Shairi la Mapenzi

Kijana mmoja wa Mbwawa, upande wa Kibaha, alitaka shairi la Shaaban Robert liitwalo "Amina" lisomwe katika karamu ya arusi yake. Shangazi zake wakakataa katakata. Humo mume amlilia mkewe aliyefariki, nao walisema kwamba kutaja mauti mbele ya maharusi ni kuwatabiria msiba.

Hatuwacheki shangazi hao. Apendaye hudhani kwamba furaha yake haina mwisho, na watu wenye huruma humwachia dhana hiyo japo kwa siku moja. Lakini yafaa tuulize, ndugu wasomaji: mapenzi yasiyothubutu kutaja uzee na kifo yampenda nani hasa?

Nyimbo nyingi humfananisha mpendwa na ua, kisha huishia hapo, ua lingali bichi. Kila mwenye mwasumini uani ajua yanayofuata. Asumini iliyofungwa kikuba jioni, asubuhi imekwisha kuwa rangi ya chai. Shaaban Robert hakuukatisha mfano wake njiani. Kwake Amina ni ua lililochanua, kisha likafunga. Angalieni kwamba hakusema limeoza, wala limekanyagwa. Ua lililofunga limetimiza kazi yake, na uzuri wake haukuwa uongo kwa sababu umepita. Mshairi huyo wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa Mwislamu. Walakini Mkristo hatakuta humo neno la kumkwaza, kwa kuwa roho ya mpendwa haiozi pamoja na mwili. Baadaye mshairi alioa tena, wala jambo hilo halilitangui shairi.

Sasa tuwarudie shangazi. Saa mbili tu kabla ya karamu walikuwa kanisani, wakamsikia kijana wao akiahidi uaminifu katika magonjwa na afya, siku zote za maisha yake. Aahidiye siku zote za maisha amekwisha kukiri kwamba siku hizo zina ukomo. Kanisa halikungoja matanga. Liliweka ugonjwa na mwisho wa maisha ndani ya ahadi yenyewe, mbele ya maua na vigelegele. Nalo lina sababu. Nabii Malaki aliwakemea waume waliowatenda kwa hiana wake wa ujana wao, na waume wa namna hiyo hawakwisha pamoja na zama zake. Wamo miongoni mwetu, na wengine hukaa viti vya mbele siku ya Misa. Mke alipokuwa na meno yote na mwendo wa maringo, walimmiminia sifa. Magoti yalipoanza kumwuma, wakaona nyumba ni finyu. Hatusemi kwamba walidanganya walipomsifu. Walilisifu ua, na ua lilipofunga hawakuwa na neno jingine.

Shairi halikusomwa karamuni. Jioni, ngoma ilipopoa, bibi mmoja mjane alimwita kijana pembeni, chini ya mwembe, akamwomba amsomee yeye peke yake. Kijana akasoma. Alipofika penye habari ya ua, bibi akamgusa mkono, akamtaka arudie.